Amy wa K-Chat angepata kazi Kampala kesho asubuhi

Watu wengi waliocheza Vice City, ile gemu ya Grand Theft Auto (GTA), wanakumbuka nyimbo. Ukiwauliza watakutajia Flash FM na V-Rock, stesheni za redio za ndani ya gemu, watakutajia lile shati la maua la Tommy Vercetti, mhusika mkuu, na wengine mpaka leo wanaandika chiti ya kuita kifaru cha jeshi bila hata kuangalia kibodi. K-Chat haitajwi kabisa. Ilikuwa ile stesheni ya maneno matupu, mwanamke anapiga stori na masupastaa, hakuna muziki, na vijana waliokuwa wanaicheza hiyo gemu kwenye vyumba vya kompyuta vya Kampala wakilipia kwa dakika hawakuwa na pesa ya kupoteza wakimsikiliza Mzungu anajisifu kwa Kiingereza cha mbio. Wanabonyeza, wanahama.

Mi nasema walikuwa wanaihama stesheni iliyoijua redio kuliko zingine zote kwenye ile gemu. Na nasema pia utani wa K-Chat una shimo moja kubwa, na hilo shimo mtu aliyezoea taxi za Kampala analiona mapema kuliko wale waliouandika.

Kwa wasioijua, Vice City ilitoka Oktoba 2002 kwa PlayStation 2, imetengenezwa na Rockstar North wenye ofisi yao Edinburgh, yaani ni watu wa Uingereza na Uskoti wanaicheka Marekani kutoka ng'ambo ya bahari. Mwaka mmoja kabla, kwenye GTA III, walikuwa na stesheni ya maneno inaitwa Chatterbox, mtangazaji wake Lazlow, mtu wa redio wa kweli kabisa anayeigiza kama yeye mwenyewe, na huyo huyo Lazlow akawa anaziandika stesheni pamoja na Dan Houser wa Rockstar. Vice City ikapewa stesheni tisa, mbili kati yao za maneno: VCPR ya siasa na mijadala mizito, K-Chat ya masupastaa. Weka hilo akilini, mbili, kila moja na chumba chake.

Mambo yote yanatokea mwaka 1986 kwenye mji uliochorwa kutokana na Miami. Sasa Mganda akisikia 1986 hafikirii Miami hata kidogo. Tarehe 26 Januari mwaka huo ndio NRA, jeshi la msituni la Museveni, waliingia Kampala, Museveni akaapishwa siku tatu baadaye, na wananchi walifuata hayo mambo kwenye redio moja kwa sababu iliyokuwepo ya nchi ilikuwa moja, Radio Uganda. Kwa hiyo Tommy akiiba gari lake la kwanza ana stesheni tisa za kuchagua, na mwaka huo huo Mganda ana kitufe cha kuwasha na kuzima. Tulingoja mpaka mwishoni mwa 1993 ndio Sanyu ikafungua njia ya redio binafsi, Capital nyuma yake, CBS ya Buganda ikaja 1996, na baada ya hapo ikawa fujo, leo zina leseni zaidi ya 200 na ukizungusha kisahani cha redio Kampala hupati hata nafasi ya kelele tupu. Tulichelewa kupata Amy wetu, lakini tulipompata tuliwapata wengi.

Twende studio basi. Amy Sheckenhausen, mtangazaji wa K-Chat, ana mtindo mmoja tu. Anafungua kwa kujizungumzia yeye, anamleta mgeni, anamuuliza swali ambalo ndani yake tayari kuna jibu na sifa, mgeni anachomeka bidhaa yake, Amy anachekacheka, kama mgeni ni mwanaume mwenye jina anamtongoza hapo hapo hewani, halafu tangazo. Swali la pili halitokani na jibu la kwanza. Hiyo ndiyo injini ya stesheni nzima. Anaweza kuambiwa jambo la kutisha kabisa na mgeni wake na linapita pale kama upepo kwa sababu yeye tayari yuko kwenye karatasi yake, kwenye swali linalofuata, na mgeni naye hashangai kwa kuwa hakuja kusikilizwa, alikuja kuonekana ameitwa.

Mfano wa karibu ni BJ Smith. Huyu ni nyota mstaafu wa futiboli ya Marekani, ile ya kukumbatia mpira na kugongana vichwa, sasa anaishi kwa kuuza jina lake. Sauti yake ni ya Lawrence Taylor, nyota wa kweli wa New York Giants, ambaye mwaka 1986, mwaka ule ule wa gemu, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ya NFL. Yaani walimchukua mtu aliyekuwa juu ya dunia 1986, wakamleta 2002 aigize mwaka huo huo lakini kama mtu ambaye wakati wake umeshapita. Sijui alilipwa shilingi ngapi ila kejeli hiyo ni ya kiwango cha juu, kwa sababu supastaa mwenyewe ameketi kwenye kiti cha kuchekwa na anachekwa vizuri. Wengine ni Thor anayewafundisha watu mafanikio kwa njia za Waviking, kuna mama wa mambo ya nyota na roho mwenye jina refu kuliko barabara ya Bombo, na kuna Jezz Torrent.

Jezz nitakaa naye kidogo. Ni muimbaji wa Love Fist, bendi ya roki ya Waskoti, sauti ni ya muigizaji Kevin McKidd, na tofauti yake na wageni wengine ni kwamba Jezz unakutana naye. Unamsikia redioni anaropoka na Amy, halafu misheni zinakufikisha kwa bendi yenyewe, unawatafutia starehe zao, unamkimbiza kichaa anayetaka kuwaua, na mwisho unawaendesha kwenye limo lenye bomu ambalo likipunguza spidi linalipuka. Hapo gemu inakupa nafasi ambayo redio ya kawaida haikupi, unaweza kwenda kuhakikisha. Na ukihakikisha unakuta nini? Ni yule yule. Jezz wa redioni na Jezz wa kwenye limo hawana tofauti, hakuna cha ndani kilichofichwa, kichwa kile kile kitupu chenye nywele ndefu. Gemu inakuambia kwa makusudi kabisa kwamba supastaa hana nyuma ya pazia.

Hapo ndipo shimo lilipo. K-Chat inacheka kwa sababu imeshakubali kwamba mgeni ni bure na mtangazaji ni mjinga. Ukitoa hizo imani mbili utani haubaki vile.

Kabla sijaingia huko kuna ufundi mmoja ambao watu hawauzungumzii. Kwenye GTA III na Vice City kila stesheni ni faili moja refu la sauti linalozunguka, na gemu inalihesabia muda hata kama husikilizi. Ndio maana ukimchomoa mtu kwenye gari lake unamkuta Amy katikati ya sentensi, unashuka kufyatua risasi zako, unaingia gari lingine na mazungumzo yamesonga mbele bila wewe. Hakuna anayeisikia K-Chat kutoka mwanzo. Waandishi walilijua hilo wakayakata mahojiano yawe mafupi, kila kipande kijitegemee, ukiingia popote ucheke.

Na hiyo ni redio ya Kampala kabisa. Redio yetu wengi tunaisikilizia kwenye taxi, na wenzetu wa Nairobi na Dar mjue taxi kwetu ni ile mnayoiita matatu na daladala, watu 14 na konda mlangoni, dereva ndiye anashika stesheni na wewe abiria huna kitufe. Unapanda Wandegeya swali limeshaulizwa, unashuka Bwaise jibu halijaja. Kipindi cha lugambo, yaani umbea, kinanenepa kwenye mazingira hayo kwa sababu hakina mwanzo wala mwisho, fulani kaachana na fulani, ukiingia dakika yoyote umeelewa, kesho wamerudiana umeelewa pia. Lakini habari ya bajeti ya hospitali, ukikosa zile dakika za mwanzo basi umepotea, na dereva anaiona kwenye kioo, abiria wamenuna, anazungusha. Watu wanawalaumu Waganda eti wanapenda umbea kuliko mambo ya maana, mi naona wanaolaumu wana magari yao binafsi.

Nimewahi kuwa kwenye taxi ya kwenda Ntinda jioni, foleni imekaza, redioni kuna msanii mmoja, si wa juu sana na si wa chini. Akaanza kueleza jinsi shoo zilivyofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili wasanii hawana jukwaa, jinsi alivyouza vyombo, deni la SACCO, wacheza dansi wake kwenda kuendesha boda. Alikuwa anaongea polepole kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Mtangazaji akamkatiza akicheka, eti tuache hayo, mtaa unasema umenyoa dredi kwa sababu ya mtoto wa watu, ni kweli au si kweli? Dereva akacheka. Mama mmoja siti ya nyuma na matooke yake miguuni akasema kwa Luganda, banange mwache amalize. Hakumaliza bana. Alicheka na yeye, akajibu la dredi, wimbo wake ukapigwa.

Sasa Mskochi wa Rockstar akisikiliza ile dakika angesema mgeni ni bure na mtangazaji ni mjinga. Lakini mgeni alikuwa na kitu, tena kitu kizito kuliko taarifa ya habari ya saa moja ya jioni ile. Na mtangazaji wala si mjinga. Amesoma, anajua mkopo ni nini, pengine na yeye analo deni. Amy hajui, ndio maana haulizi. Mtangazaji wetu anajua na haulizi, na hicho ni kitu kingine kabisa, na K-Chat haina mahali pa kukiweka.

Kwa nini haulizi? Kuna wakati Uganda tulikuwa na vyumba viwili kama Vice City, tena chumba chetu cha siasa kilikuwa kitamu kuliko VCPR. Ebimeeza. Radio One walikuwa na yao Club Obbligato Jumamosi, CBS na Mambo Bado, watu wa kawaida wanajipanga kwenye meza na bia zao, maikrofoni inapita, mwalimu anambishia mbunge, fundi wa magari anambishia mwalimu, yote moja kwa moja hewani. VCPR ya Maurice Chavez ilikuwa ya wageni watatu wanaopigiana kelele studio na mchungaji mmoja, Pastor Richards, anayechangisha pesa za sanamu lake kubwa (wachungaji wa namna hiyo hatuna haja ya kuwaagiza kutoka Miami). Ebimeeza ilikuwa ya mtaa mzima. Septemba 2009 zikatokea zile ghasia za safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga, serikali ikafunga stesheni, CBS ikakaa kimya mpaka Oktoba 2010, na ebimeeza zikapigwa marufuku moja kwa moja. Chumba cha VCPR kikafungwa kwa kufuli.

Siasa haikufa lakini. Ilihamia chumba cha pili, kwa Amy, ambaye hakuwa ameiandalia hata kiti. Kwa miaka mingi mwanamuziki Bobi Wine alikuwa mgeni wa vipindi vya masupastaa, bifu lake na mwanamuziki mwenzake Bebe Cool lililisha watangazaji wa Kampala chakula cha asubuhi na cha jioni, nani mkali, nani kamwibia nani mashabiki, alikuwa anajiita Rais wa Geto na watu wanacheka kama wanavyomcheka Thor. Juni 2017 akashinda ubunge wa Kyadondo Mashariki. Januari 2021 alikuwa mgombea wa pili kwa kura dhidi ya Museveni. Mwanamuziki Jose Chameleone uchaguzi huo huo akagombea umeya wa Kampala, Lukwago akamshinda. Mwanamuziki Eddy Kenzo mwaka 2024 akateuliwa mshauri wa Rais kwenye mambo ya sanaa. Na Rais mwenyewe, tusisahau, alikuwa ameshaingia kwenye rap tangu kampeni ya 2011, simu za nchi nzima zikawa zinaita kwa sauti yake. Hawa wote ni wageni wa K-Chat, mavazi ni ya K-Chat, utani ni wa K-Chat, ila mkononi wana kura, wana vyeo, wana askari nyuma yao au mbele yao.

Lile bifu lenyewe liangalie vizuri. Mmoja akawa upinzani, mwingine akaendelea kuunga mkono serikali, na ghafla ile habari ya nani mkali ikawa ndiyo habari ya nani anapigwa gesi ya machozi. Maswali ya studio hayakubadilika. Ningekuwa mwandishi wa gemu hapo ndipo ningekaa, kwa sababu kuna kitu cha kuchekesha na kuuma pamoja, mtangazaji anamuuliza mgombea urais kuhusu viatu si kwa sababu haoni kwamba ni mgombea urais, bali kwa sababu anaona sana.

Maana bei ya swali inajulikana. Mwaka 2019, baada ya stesheni kuonyesha moja kwa moja kukamatwa kwa Bobi Wine na maandamano yake, UCC, tume ya mawasiliano, iliagiza redio na televisheni 13 ziwasimamishe kazi watayarishaji, wakuu wa habari na wakuu wa vipindi wao, jumla watu 39. Ongeza kwamba redio nyingi za mikoani wenye nazo ni wanasiasa au marafiki wa wanasiasa. Ongeza kwamba mshahara wa mtangazaji wa kawaida ni wa kulipia chumba tu na hela inayobaki inatoka kwa kuwa emsii kwenye harusi na kampeni za watu wale wale anaotakiwa kuwahoji. Ukiwa mahali hapo ujinga unakuwa ni ujuzi wa kazi, unajifunza kama unavyojifunza kubonyeza mitambo. Na Amy wa kweli wa Kampala ana kipaji, anakwepa swali kwa uzuri hata wewe msikilizaji huoni limekwepwa wapi.

Ndio maana nasema utani wa K-Chat una shimo. Unamwekea lawama yote mwanamke mmoja aliye mbele ya maikrofoni. Mwenye stesheni humsikii. VCPR angalau ilionyesha pesa, wale wawili Jonathan Freeloader na Michelle Montanius wanakatiza mjadala kila saa kuomba michango ya wasikilizaji, unajua nani analipa umeme. K-Chat unafikiri inajiendesha yenyewe kwa nguvu ya upumbavu. Kumcheka mtangazaji mjinga ni raha sana, na mwenye stesheni anacheka pamoja na wewe.

San Andreas, GTA ya 2004, ilisogea karibu zaidi. Pale kwenye stesheni ya WCTR kuna kipindi cha masupastaa kinaitwa Entertaining America, mtangazaji Billy Dexter anamhoji Jack Howitzer, muigizaji wa mapigano aliyefulia, na Howitzer anampiga risasi hewani. Mtangazaji amekufa, kipindi je? Kinaendelea. Lazlow, ambaye anahangaika kutafuta kazi kila gemu, anakalia kile kiti na maswali yanaendelea. Ile ndiyo kejeli yao bora kwenye mambo haya kwa maoni yangu, kwa sababu wameacha kumcheka mtu wakacheka kiti. Watangazaji wa Kampala wanahamahama stesheni kila msimu, huyu kanunuliwa, yule kafukuzwa, na kipindi cha saa nne asubuhi kiko pale pale na kile kile, jina tu limebadilika kwenye bango. Lakini hata San Andreas haikutuambia nani alimpigia Lazlow simu kumwambia njoo ukae.

Kuna jambo jingine ambalo wale waandishi hawakulifikiria kabisa, na hili nalisema nikiutetea umbea. Kwao stori za masupastaa ni kelele tu. Kwetu mara nyingi ni hesabu. Mtu akisema redioni kwamba fulani kaonekana na gari jipya, anajenga Kyanja, mtoto kapelekwa kusoma ng'ambo, msikilizaji wa Kampala hapigi tu miluzi, anajumlisha, mshahara wa mtu huyu ni kiasi gani, hii imetoka wapi? Mahakama haijasema, ukaguzi haujatoka, lakini mtaa umeshafunga mahesabu. Sakata la mabati ya Karamoja la 2023 lilikuwa hivyo, Aprili mawaziri wakafikishwa mahakamani kwa mabati yaliyokusudiwa watu maskini wa Karamoja, kulikuwa na hati, kulikuwa na kamati ya Bunge, lakini kitu watu walichokishika ni banda la mbuzi. Kwamba kuna mbuzi mahali wanalala chini ya bati la maskini. Ile haikuwa lugha ya taarifa ya habari, ile ni lugha ya Amy, nani kavaa nini nani kaezeka nini, na ilifika kwenye kila kibanda cha chapati siku hiyo hiyo. Mtangazaji asiyeweza kuuliza pesa za umma zilipitia wapi anaweza kuuliza mbuzi wanaendeleaje. Na wasikilizaji wanapiga simu, na kila mmoja anajua tunaongelea nini.

Kwa hiyo mi siwezi kuicheka K-Chat kwa ule mdomo wa juu. Kipindi kile kile kinachomkatiza msanii wa madeni ndicho kinachopitisha banda la mbuzi. Inategemea siku, inategemea nani yuko zamu, inategemea tangazo la kampuni gani linafuata.

Halafu kuna simu. Gemu inarudi Vice City, GTA VI imeahirishwa mpaka Novemba 2026, na trela yao ya kwanza ya Desemba 2023 ilijaa video za simu, watu wanajirekodi kwenye mabwawa, barabarani, na mamba wao. Wameelewa kwamba supastaa siku hizi hamhitaji Amy. Sisi Afrika Mashariki tulilijua mapema, Diamond na Zari wetu walipoachana Februari 2018 siku ya wapendanao, tangazo lilikaa Instagram, na redio za Dar na Kampala asubuhi yake zilikuwa zinasoma posti ya mtu hewani, mtangazaji amegeuka msomaji wa simu. Leo lugambo la Kampala liko TikTok usiku, laivu, watu wanatumiana zawadi, hakuna karatasi ya maswali, hakuna tangazo la kukuokoa. Wengine walidhani huko mwenye stesheni hayupo. Julai 2024 kijana wa miaka 24 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok zilizomtukana Rais na familia yake, na Facebook yenyewe imefungwa hapa tangu uchaguzi wa Januari 2021, tunaingia kwa VPN kama watu wanaopitia dirishani nyumbani kwao.

Kwa njia, maneno yanadumu. Vice City ilipotolewa upya 2012 na tena 2021 baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeondoka, zikiwemo za Michael Jackson, leseni zimeisha. Amy hana leseni ya kuisha, yuko pale anachekacheka vile vile, ukitaka kumsikiliza vizuri sasa hivi huna mtu anayekuhesabia dakika.

Ila Rockstar wakiandika stesheni nyingine ya masupastaa kwa huo mji wao mpya, mtangazaji mjinga nimeshamsikia, mgeni bure nimeshamsikia. Waniwekee ile simu inayoingia studio wakati wimbo unacheza, ya yule mtu ambaye jina lake haliko kwenye bango, anayesema kwa upole kabisa, ndugu yangu kipindi ni kizuri sana, hongera, lakini hilo swali la pili tuliache. Waache niisikie yote mpaka mwisho, na iwe kwenye gari ambalo siwezi kubadilisha stesheni.